Choma Kwanza, Jibu Baadaye

Mama yangu alipata mchumba kwenye foleni ya chanjo, na foleni hiyo niliipanga mimi. Wenye maneno yao husema nilivipanga vyote viwili. Si kweli. Mimi nilipanga meza, viti, kamba na mishale ya utepe wa kijani sakafuni. Mengine yalijipanga yenyewe.

Nilikuwa nimetoka wodini, baada ya miaka ya uuguzi, nikahamishiwa ofisi ya afya ya manispaa na kupewa cheo kirefu cha kuratibu maandalizi ya chanjo ya dharura. Mama alijaribu kukitamka mbele ya wateja wake akashindwa, akakifupisha.

“Mwanangu siku hizi ni mtu wa ikitokea,” aliwaambia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ikitokea homa imelipuka, ikitokea mji mzima unatakiwa uchanjwe ndani ya siku chache, watu waingilie wapi, waandikwe na nani, dawa ikae kwenye ubaridi gani, na atakayezimia alazwe wapi? Hayo ndiyo niliyoyawaza mchana kutwa.

“Na isipotokea?” mama aliniuliza.

“Tutamshukuru Mungu.”

“Kumbe umeajiriwa kumshukuru Mungu. Kazi nzuri, mwanangu, ishike.”

Bosi wangu alikuwa mganga mkuu wa manispaa, mtu mwembamba na mpole, aliyevaa tai hata siku ya joto kali na kuwa na wasiwasi kwa niaba yetu sote. Alisoma mpango wangu wote, akaufunika, akasema, “Umeandika vizuri. Lakini karatasi haijawahi kumchanja mtu. Tufanye zoezi.”

Basi tukaazima ukumbi wa shule wakati wa likizo. Mtu angeingia mlango wa mbele, aandikwe, aulizwe kama ana homa au ujauzito, aende meza ya sindano, kisha apumzike robo saa kwenye darasa la pili tuone kama dawa imemkubali, halafu atokee mlango wa nyuma. Kwa kuwa lilikuwa zoezi, dawa haikuwepo. Muuguzi angemgusa mtu begani kwa pamba yenye maji, basi.

Kila kitu kilikuwepo isipokuwa watu. Tulikuwa tumetangaza tunahitaji wa kuigiza wachanjwaji, lakini asubuhi ile wapishi walikuwa wengi kuliko walaji. Nikampigia mama simu. Mama ni mjane na fundi cherehani, ana chumba chake kwenye jengo lililojaa mafundi wenzake, na hakuwahi kunitupa. Alifunga mlango, akafungisha na milango ya wengine, wakaja wote mbio mbio, futi za kupimia zikining’inia shingoni.

Nyuma yao akaja mtu ambaye hakualikwa. Alikuwa ameona watu wanakimbilia jengo, na kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote hakuweza kuona jambo hilo akabaki barabarani. Tulimwita mzee King’ora. Alikuwa mstaafu wa zimamoto, mjane, kifua kama kabati la nguo. Jina hilo alilipata siku king’ora cha gari lao kilipoharibika njiani kuelekea kwenye moto, akatoa kichwa dirishani akalia mwenyewe mpaka wakafika. Magari yalimpisha.

“Kunaungua wapi?” aliuliza mlangoni.

“Hakuungui, baba. Ni zoezi la chanjo.”

“Hata kama. Nipeni kazi.”

Kila mtu alichukua kadi moja ya kumweleza aigize nini. Fundi viatu mmoja mwenye upara alipata kadi ya mama mjamzito, akaomba mto, akauvaa chini ya shati na kuanza kutembea akijishika kiuno kwa huzuni kubwa. Kadi ya mama ilisema yeye ni mke anayetaka mumewe achanjwe. Alitazama ukumbi mzima kumtafuta huyo mume. Akamwona mzee King’ora ameishika kadi yake mbali, mkono umenyooka kabisa, anajaribu kuisoma.

“Ni wewe?” mama akauliza.

“Inasema mimi ni mume na sitaki chanjo.”

“Basi ni wewe. Twende, na usinicheleweshe kama kawaida yako.”

Mzee King’ora akamtazama, akaitia kadi mfukoni. “Tangulia, mke wangu,” akasema.

Mwanzo zoezi lilienda vizuri. Mganga mkuu alisimama kwenye kiti na saa yake mkononi, akitingisha kichwa kwa kuridhika. Kisha wanandoa wale wakafika kwenye meza ya kuandikisha.

“Jina na umri, mzee,” karani akasema.

“Sichanjwi!” mzee King’ora akajibu, na vioo vya madirisha vikatetemeka.

“Atachanjwa,” mama akasema. “Wewe andika tu, binti yangu.”

“Binti, sikiliza. Mwanamke huyu nimeishi naye miaka thelathini na hajawahi kunisikiliza.”

“Nikusikilize mimi wakati mji mzima unakusikiliza? Nilikuwa nangoja zamu yangu.”

Watu wa nyuma wakacheka, wakasogea.

“Mwambie binti habari za paa,” mama akaendelea.

“Usilete mambo ya paa mbele za watu.”

“Binti, paa linavuja. Akasema, kesho nitaliziba. Siku hiyo mtoto wetu wa kwanza alikuwa ananyonya. Leo mtoto huyo ni mwalimu.”

“Ni daktari.”

“Wa pili ndiye daktari! Jamani, mwanamume huyu hata watoto wake hawajui!”

Nilisimama pale na filimbi yangu mdomoni, nikiwasikia ndugu zangu wapya wanazaliwa mmoja baada ya mwingine. Sisi tulizaliwa wawili tu, na nyumba yetu haikuwahi kuvuja. Lakini mama alizungumza kwa uchungu hata nami nikaanza kumwonea huruma.

Foleni ikafa papo hapo. Waliokuwa nyuma walisogea mbele wasikie. Waliokwisha kuguswa kwa pamba walirudi kinyume cha mishale yangu wasipitwe. Fundi viatu na mimba yake akajipenyeza, akakalia pembe ya meza ya karani. Mlango ukaziba kabisa.

“Mbona hakuna anayetoka?” mganga mkuu akaniuliza kutoka kwenye kiti chake.

“Wanasikiliza, bosi.”

“Wanamsikiliza nani?”

“Mama yangu.”

Naye akatega sikio. “Hilo paa,” akanong’ona, “lilizibwa hatimaye?”

Nikaona maji yamezidi unga. Nikavuta meza ndogo na viti viwili mpaka kwenye kona, mbali na njia, nikawashika wanandoa wangu mikono. “Gombaneni hapa,” nikawaambia. “Mkipatana, mrudi.” Karani akapumua. Foleni ikaanza kutembea tena kama maji yaliyozibuliwa mferejini, na mganga mkuu akaruka kutoka kwenye kiti, tai ikimpiga usoni.

“Hiyo hiyo!” akapiga kelele. “Hiyo meza! Siku yenyewe watakuja wenye hofu, wenye maswali, wenye kubishana na wake zao. Ukiwajibu mlangoni, umeua foleni. Ukiwafukuza, umewapoteza. Waketi kwenye hiyo meza na mtu wa kuzungumza nao!”

Hivyo ndivyo meza ya maneno ilivyoingia kwenye mpango wetu, na mpaka leo sijapata wazo bora kuliko hilo ambalo sikuliwaza.

Wanandoa walipatana baadaye. Mzee King’ora akaketi kwenye kiti cha sindano, akakunja mkono wa shati. Muuguzi akakaribia na pamba yake. Mimi nilikuwa karibu nikibandika utepe uliobanduka, nikauona uso wa yule mzee. Jasho lilikuwa linamtiririka, na halikuwa la kuigiza.

“Ni pamba tu, siyo?” alimuuliza mama kwa sauti ambayo sikujua anayo.

“Ni pamba.”

“Na maji.”

“Na maji tu. Lakini wewe si ndiye uliyekuwa unaingia kwenye nyumba zinazowaka?”

“Moto unauona unakotokea,” akasema. “Sindano inakujia ubavuni.”

Mama hakucheka, na mama hucheka hata misibani. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mzee, akakiacha hapo. Pamba ikagusa. Mzee King’ora akafumba macho, na alipoyafumbua muuguzi alikuwa keshaita mtu mwingine, lakini kile kiganja kilikuwa bado kipo. Nikainama haraka, nikabandika utepe ambao haukuhitaji kubandikwa.

Jioni hiyo mama aliniuliza, akijifanya anatafuta uzi, “Zoezi jingine mnafanya lini?”

“Baada ya wiki chache. Kwa nini?”

“Nauliza tu. Na mtachanganya kadi upya au kila mtu atabaki na mume wake?”

“Mama!”

“Mimi nafikiria uzoefu, mwanangu. Watu wakishazoeana kazi inakuwa nyepesi.”

Kabla ya hizo wiki kwisha, mzee King’ora alikuwa ameshakuwa mteja. Alileta suruali ipunguzwe. Kisha akaileta irefushwe. Mafundi wenzake mama walianza kuisubiri suruali ile kama watu wanaosubiri habari. Siku moja nikajikaza nikauliza, “Mama, kuna nini kati yako na mzee King’ora?”

“Kuna suruali,” mama akajibu, na akainamia cherehani mabega yakimtikisika.

Zoezi la pili nikaamua kutenda haki. Nikampa mama kadi ya mgonjwa wa homa, ambaye hupelekwa chumba cha peke yake, na mzee nikamweka langoni kupanga watu, maana sauti kama ile haifai kukaa bure. Muda si muda lango likabaki wazi, watu wanaingia kama mbuzi.

“Mlinzi wa lango yuko wapi?” mganga mkuu akauliza.

“Chumba cha waliotengwa,” nikasema, nikitazama viatu vyangu.

“Anaumwa?”

Nikamwonyesha mlango wa chumba kwa kidole. Mganga mkuu akaenda kuchungulia mwenyewe, akarudi akijikuna kidevu. “Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki,” akasema. “Ila mpango wetu hauna meza ya kikohozi cha namna ile.”

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kisha ikatokea.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa napiga mswaki. Wilaya ya jirani ilikuwa na homa ya uti wa mgongo. Watoto walikuwa wamelazwa, na barabara kati yetu na wao hupita watu usiku na mchana. Dawa zingefika jioni ile, kila mtu mjini achanjwe, mkubwa kwa mdogo, na tuanze kesho yake alfajiri. Nilitema povu, nikasimama mbele ya kioo mswaki mkononi. Niliogopa, sitaficha. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinarukaruka kama mtoto aliyeahidiwa safari: tunajua la kufanya! Tumeshalifanya mara mbili!

Mchana ule tulikimbia kama waliopandwa na wazimu wa heri. Masanduku ya ubaridi yalifika, tukayapanga na barafu zake. Mafundi cherehani walishona vitambaa vya rangi vya kufunga mkononi ili wahudumu tujulikane. Mama akachukua kiti chake kwenye meza ya maneno bila kuulizwa, na mzee King’ora akalichukua lango.

Asubuhi foleni ilikuwa imezunguka ukuta wote wa shule. Mganga mkuu alisimama dirishani, rangi imemtoka.

“Wamekuja,” akasema.

“Wamekuja wote,” nikasema.

Tukafungua mlango. Na foleni ikatembea! Waliingia, wakaandikwa, wakachomwa, watoto wakalia kidogo wakanyamaza, wakapumzika, wakatoka na alama ya wino kidoleni wakiwaonyesha walio nje. Mwenye shaka alipelekwa kwenye meza ya maneno, na baada ya muda alirudi mstarini akitabasamu, kwa kuwa mama hakumhubiria mtu. Alimuuliza kwanza anaogopa nini, akamsikiliza mpaka mwisho, na asichokijua akaniita mimi. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji ambako hakuna anayeniona, nikaruka juu mara kadhaa, nikarudi kazini na uso wa mratibu.

Jambo moja tu lilibaki. Wahudumu wote tulichanjwa kabla ya kufungua mlango, isipokuwa mmoja. Kila tulipomwita mzee King’ora alijibu, “Watangulie wenye watoto.” Huku langoni sauti yake ilisikika mtaa wa tatu: “Msiogope! Haiumi! Ni kama kung’atwa na sisimizi!”

Mwanamke mmoja aliyebeba pacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akasimama mbele yake. “Mzee, hebu tuonyeshe kidole chako.”

Mzee King’ora akaweka mikono nyuma.

“Hana wino!” mwanamke akawageukia wenzake. “Huyo sisimizi wako, mzee, amekung’ata lini?”

Kicheko kikapita kwenye foleni yote, kikaenda kikazunguka ukuta. Mzee akatazama kushoto na kulia kama anayetafuta mlango wa dharura. Kisha akanyoosha mgongo, akaingia ukumbini kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Watu wakajaa madirishani.

Akaketi. Akakunja shati. Muuguzi akatoa sindano, na safari hii haikuwa pamba. Mzee akaikodolea macho, midomo ikakauka, akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nikasikia kiti kikisukumwa pale kwenye kona. Mama alikuwa ameshainuka, anakuja, futi yake shingoni.

“Nishike mkono,” mzee akamwambia.

“Nikikushika sikuachii,” mama akasema. Nadhani alikusudia mzaha.

“Basi usiniachie,” mzee akasema. “Sisemi ya leo. Nasema usiniachie kabisa. Nimechoka kuwa mume wa kadi. Nioe… yaani, nikuoe. Uolewe na mimi. Nimesemaje?”

“Umesema yote mawili!” mwanamke wa pacha akamjibu kutoka dirishani.

Muuguzi alikuwa ameishika sindano hewani. “Baba, mama, samahanini sana,” akasema, “dawa haipendi joto.”

Uso wa mama ulimwaka kwa haya mpaka masikioni. Akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamgeukia muuguzi.

“Choma kwanza,” akasema. “Jibu baadaye.”

Muuguzi akachoma.

“Anza basi,” mzee akasema, macho ameyafumba.

“Nimemaliza, baba.”

“Umemaliza? Hivyo tu?” Akafumbua macho, akamtazama mama. “Haya. Jibu.”

“Nenda kapumzike robo saa kama wenzako. Usipozimia nitakujibu.” Na mama akarudi kwenye kona yake kwa haraka kubwa, akijipepea kwa kitambaa.

Mzee akapelekwa darasa la pili kupumzika, na hapo ndipo mpango wangu wote ulipopata ajali. Kwa sababu hakuna aliyekubali kutoka kwenye darasa lile. Muda wao uliisha, wakaambiwa waende nyumbani, wakasema bado wanasikia kizunguzungu. Bibi mmoja mzima kama ng’ombe alijilaza kwenye benchi akasema yeye hatoki mpaka amsikie huyo fundi. Wapya wakaingia wakawakuta wa zamani. Darasa likajaa, korido ikajaa, wauguzi wakaacha kuchoma kwa kukosa pa kuwapeleka watu. Huko nje jua linapanda na foleni imezunguka ukuta.

Mganga mkuu akaja kwangu mbio. “Tumekwama!”

“Naona, bosi.”

“Kazungumze na mama yako!”

“Nimwambie nini?”

“Mwambie manispaa inamwomba.”

Nikaenda. Mama alikuwa kwenye meza ya maneno, lakini safari hii amekaa kwenye kiti cha wenye shaka, si kile chake. Hapakuwa na jinsi, nikaketi kwenye kile kingine.

“Mama, foleni imesimama.”

“Unataka nijibu posa kwa ajili ya foleni?”

“Kwa ajili ya afya ya umma.”

Akacheka, kisha macho yakamjaa machozi palepale, kicheko bado hakijaisha. “Mwanangu, mwenzio naogopa.”

“Unaogopa nini?”

“Umri huu, nikifurahi kiasi hiki, nitapasuka.”

Nikamwuliza kama nilivyomsikia akiwauliza wengine asubuhi nzima. “Una swali gani hasa, mama?”

Akafuta macho kwa ncha ya futi, akafikiri. “Inauma?”

“Kidogo. Siku mbili tatu za mwanzo, mpaka mwili uzoee.”

“Na faida yake?”

“Inakaa miaka mingi.”

Akainuka. Akanyoosha gauni lake, akapita katikati ya watu, na korido iliyokuwa haipitiki ikampisha yenyewe. Nikamfuata mgongoni. Mlangoni mwa darasa akasimama, mikono kiunoni.

“Wewe mzee! Umezimia?”

“Bado,” mzee King’ora akasema, akisimama.

“Basi nimekubali. Na nyinyi wengine mlango wa kutokea ni ule pale, watoto wa watu wanangoja!”

Zililipuka kelele ambazo hata mzee mwenyewe hajawahi kuzitoa. Yule bibi mgonjwa wa benchi aliruka, akapiga vigelegele, akatoka akicheza. Walimiminika nje wote, wakapeleka habari mstarini, na watu waliokuwa wamechoka na jua wakasimama wima tena. Alasiri ile tulichanja watu wengi kuliko tulivyowahi kuthubutu kuandika kwenye mpango.

Habari hazikuishia ukutani. Kaka yangu mkubwa, mhandisi wa barabara anayeishi mji mwingine, alizipata kwenye simu kabla mama hajampigia. Kesho yake adhuhuri akashuka kwenye gari lake langoni, uso umekunjwa.

“Foleni, kijana!” mzee King’ora akampigia kelele, asijue ni nani.

“Nimekuja kumwona mama yangu.”

“Kila mtu hapa ana mama. Foleni!”

Kaka akapanga foleni. Akakaa juani kati ya watu asiowajua, wakimsimulia kisa chote bila kuombwa, na kila aliyesimulia aliongeza chumvi. Alipofika kwa karani, mama alikuwa keshawakataa madaktari wawili na meya mmoja kwa ajili ya zimamoto. Kaka akaanza kugomba. Karani, kama alivyofundishwa, akamwelekeza kwa upole kwenye meza ya maneno. Akamkuta mama amekaa hapo.

“Una swali gani, mwanangu?” mama akamwuliza.

Kaka akaketi. Nilimwona akimtazama mama kwa muda mrefu, kitambaa cha rangi mkononi, mashavu yanang’aa.

“Yule mzee ana kelele,” akasema hatimaye.

“Anazo.”

“Baba alikuwa mkimya.”

“Baba yako nilimpenda kimya kimya,” mama akasema, “na kimya hicho bado ninacho, hakuna atakayekigusa. Huyu nitampenda kwa kelele.”

Kaka akauma mdomo. Alijaribu kubaki na hasira, lakini kutoka langoni ikaja sauti: “Haiumi! Nimechomwa mwenyewe! Na nimepata mke!” Kicheko kikamtoka kaka puani kabla hajakizuia, na kikishatoka hakikurudi. Akacheka amelaza kichwa juu ya meza, mama akimpapasa kisogo. Kisha akaenda akachomwa, akapumzika robo saa yake, akatoka mpaka langoni.

“Mzee,” akasema, “mimi ndiye mwanawe.”

Sauti ikamwishia mzee King’ora ghafla. Midomo ilitikisika tu.

“Sikusikii, mzee,” kaka akasema.

“Karibu, baba,” mzee akanong’ona. “Karibu sana.”

Kaka akampa mkono, akaomba ruhusa ya siku zaidi kazini kwake, na gari lake likawa la kubebea masanduku ya ubaridi mpaka mwisho wa kampeni. Homa ilifika mjini kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Waliougua walikuwa wachache, wakatibiwa, wakapona wote. Ndoa ilifungwa mwezi uliofuata, na mzee alivaa suruali ambayo haikuwa fupi wala ndefu.

Lakini mimi furaha yangu iko kwenye alasiri ya mwisho ya chanjo, tulipokuwa tunausafisha ukumbi wa watu tuurudishe. Tulimwaga maji na sabuni, tukashika mafagio, na uchovu ulikuwa umetulevya, tunacheka hata mtu akipiga chafya. Mama na mzee walikuwa bombani wanajaza ndoo, bila haraka yoyote. Mganga mkuu akaingia kutupongeza. Akakanyaga povu, akaanguka kwa makalio, akateleza kutoka mlango wa kuingilia mpaka wa kutokea, tai ikipepea nyuma ya shingo, miguu juu, bila kugonga kitu. Tukaganda. Alilala pale kidogo akitazama dari. Kisha akainuka, akanyoosha tai, akaitazama sakafu yote iliyobaki na povu lake.

“Hebu mwageni tena hapa,” akasema, na akaanza kuvua viatu.